Sufuria Zisizopikiwa: Redio, Televisheni na Mafundi wa Ziwa Mweru

Mwaka 1949 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ndiyo Zambia, ilipokea shehena ya sufuria zisizopikiwa. Zilikuwa za alumini, za mviringo, upana wake inchi 9 hivi, zimepakwa rangi ya buluu. Usoni zilikuwa na spika na vitufe vya kuzungusha, na ndani valvu nne za kioo. Waingereza waliziita Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, na mtu akishazitoa pauni hizo tano bado hajasikia kitu, maana betri iliuzwa peke yake kwa pauni 1 na shilingi 5.

Aliyezihangaikia sufuria hizi ni Harry Franklin, mkuu wa Idara ya Habari ya serikali ya kikoloni mjini Lusaka. Kituo chake cha redio kilianza mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto, ili wenyeji wapate habari za ndugu zao waliochukuliwa jeshini. Watangazaji walikuwapo, muziki ulikuwapo, Kibemba na lugha nyingine za nchi zilikuwapo. Waliokosekana ni wasikilizaji. Redio za wakati ule zilikuwa makabati ya mbao yaliyotaka umeme wa ukutani, na bei yake alimudu mzungu wa mgodini. Wengine walikusanyika bomani au misheni kusikiliza redio moja ya wote, kisha kila mtu akarudi kwake.

Franklin akaenda Uingereza kuwabishia hodi wenye viwanda. Kwa karibu miaka mitatu aliambiwa jambo lilelile: redio ya maskini haina faida. Aliyekubali mwishowe ni Ever Ready, na hakusukumwa na huruma. Ever Ready alikuwa muuza betri. Kila redio ingekula betri kavu iliyodumu saa 300 hivi, kisha mwenyewe angerudi dukani na pauni nyingine mkononi. Anayegawa taa huku anauza mafuta hana hasara.

Likabaki suala la gamba. Mbao huliwa na mchwa na huvimba kwa unyevu wa masika. Kuchonga kalibu mpya ya chuma ni gharama. Basi wakatazama kitu ambacho tayari kilikuwa kikitengenezwa kwa maelfu, chepesi, kisichoshika kutu wala kuliwa na mdudu, wakakiona jikoni. Rangi ya buluu nayo inasemekana ilichaguliwa baada ya kuulizia huku na huku na kuona ndiyo rangi isiyokuwa na mkosi kwa mtu yeyote. Katika miezi mitatu ya mwanzo ziliuzwa redio 1,500, na baada ya hapo maelfu kwa maelfu.

Simulizi za walowezi na wasafiri wa enzi hizo zina kichekesho kimoja kisichochoka kurudiwa: mwanakijiji anaizunguka redio akimtafuta mtu mdogo aliyejificha ndani. Mimi hakinichekeshi, na sababu si uchungu wa ukoloni peke yake. Kinamcheka asiyestahili kuchekwa. Wahandisi wa Uingereza, wenye shahada zao na maabara zao, walifikiri na kufikiri kisha wakatia sauti ya mtu ndani ya chombo cha kusongea ugali. Mwanakijiji aliyeuliza "huyu ameingiaje humu?" aliuliza swali la haki kabisa kuhusu sufuria.

Sasa tuihamishe sufuria hiyo kaskazini. Nchelenge iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, na pacha wake Kashikishi, penye soko la samaki, uko pua na mdomo kutoka hapo. Ng'ambo ni Kongo. Ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na upande wa Kongo kuna mji uitwao Kilwa vilevile, kwa hiyo msomaji wa Lindi asishtuke. Watu wa pwani walikwisha kufika huku zamani. David Livingstone alipoliona ziwa hili Novemba 1867, alimkuta katika himaya ya Mwata Kazembe mfanyabiashara Mohamed bin Saleh, ambaye alikuwa amekaa huko miaka mingi kiasi cha kuwa mwenyeji. Shanga, vitambaa na bunduki vilikuwa vimekwisha kupita njia hiyo vizazi kadhaa kabla ya redio. Watu wa Mweru hawakuwa wageni wa vitu vya kigeni. Walichokuwa wageni nacho ni kitu cha kigeni kinachoharibika halafu hakuna wa kukitengeneza.

Kutoka Lusaka hadi Nchelenge ni zaidi ya kilomita 650 kwa mstari ulionyooka. Umbali huo haukuitisha redio ya masafa mafupi, kwa sababu mawimbi yake hupanda juu sana, yakagonga tabaka la anga liitwalo ionosfia, yakarudi chini nchi ya mbali. Mtu wa Kashikishi aliweza kumsikia mtangazaji wa Lusaka vizuri kuliko jirani yake wa ng'ambo ya kijito. Jioni sauti ilikuja kwa mawimbi ya kupanda na kushuka, ikinyanyuka, ikififia, ikirudi katikati ya sentensi nyingine. Mengi yaliyosemwa baadaye kuhusu "redio kusema uongo" huenda yalizaliwa hapo: nusu ya habari ilisikika, na nusu ya pili akaitia msikilizaji.

Pesa ya kununulia nayo ilikuwapo. Luapula ilikuwa mkoa wa kupeleka watu migodini, wengine Ukanda wa Shaba, wengine Katanga kwa Wabelgiji, na ziwa lenyewe lilikuwa mgodi wa pili. Samaki wa Mweru na mto Luapula walilisha kambi za wachimbaji pande zote mbili za mpaka. Huko Kasenga, upande wa Kongo, wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa wakiwapakia kwenye barafu na kuwakimbiza Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mtu aliyerudi nyumbani kutoka kazini hakurudi mikono mitupu. Baiskeli, cherehani, gramafoni. Na tangu 1949, sufuria ya buluu. Kibemba kikaipa redio jina la wayaleshi, na Peter Fraenkel, kijana wa Kiyahudi aliyeletwa na wazazi waliokimbia Ujerumani ya Hitler akaja kufanya kazi katika kituo cha Lusaka, aliliweka jina hilo juu ya kitabu chake cha mwaka 1959.

Katika kituo hicho alikuwapo Alick Nkhata, mwimbaji na mtangazaji ambaye sauti yake iliingia katika nyumba nyingi kuliko afisa yeyote wa serikali. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na gitaa. Februari 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alimkuta Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili cha Katanga; wimbo wake "Masanga" ukazunguka dunia. Kwa watu wa Mweru, walioelewa Kibemba cha upande mmoja na Kiswahili cha upande wa pili, kitufe cha redio kilikuwa kivuko kisichodai nauli wala pasi.

Kicheko kilikatika kidogo mwaka 1953. Serikali ya Uingereza iliunda Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland bila ridhaa ya Waafrika, na mwaka huohuo watu wa Mweru na Luapula waliinuka dhidi ya sheria za uvuvi. Fununu zikashika kasi. Waliozaliwa pwani wanaijua hofu ya mumiani. Huku iliitwa banyama, watu wa kunyonya damu wanaofanya kazi kwa ajili ya wakubwa. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime ameandika kwa kirefu namna fununu hizo zilivyosambaa Rhodesia ya Kaskazini tangu miaka ya 1930. Fraenkel anasimulia kwamba hata watangazaji wa Lusaka walishukiwa kuwa banyama. Yule mtu mdogo wa ndani ya redio, ambaye walowezi walimcheka, akageuka mtu mkubwa anayemfanyia kazi mkubwa zaidi. Kwa jicho la siasa, hapo hapakuwa na ushamba wowote.

Lakini siasa haikuizuia sufuria kuharibika, na ikiharibika anatafutwa fundi.

Fundi wa redio wa miaka ya 1950 katika mwambao wa ziwa hakusoma chuo cha redio. Mara nyingi alikuwa mtu wa saa, wa baiskeli au wa cherehani, aliyekuwa na bisibisi ndogo na macho mazima. Pasi yake ya kulehemu ilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mbao, kikipashwa moto kwenye jiko la mkaa. Kazi yake yote ilikwenda kwa mwendo wa mkaa: unaichomeka pasi makaani, unasubiri ibadilike rangi, unaifuta kwa kitambaa, unagusa risasi, inayeyuka, una pumzi tatu za kufanya kiungo chako kabla haijapoa. Ukipiga chafya, anza upya.

Mtihani mkubwa wa fundi huyo ulikuwa betri. Redio za valvu za aina ile zilitaka volti za namna mbili: volti 1.5 za kupashia moto nyuzinyuzi za ndani ya valvu, na volti 90 za kuendeshea redio yenyewe. Zote zilitoka katika boksi moja, kupitia plagi iliyoundwa isiweze kuingia kinyume. Mwenye kuunda plagi hiyo alikuwa mtu mwerevu, ila hakufikiria kamba ya plagi kutafunwa na panya. Ikishatafunwa, fundi anabaki na ncha za waya zilizofanana rangi kwa vumbi na moshi. Anabahatisha. Akipeleka volti 90 mahali pa volti 1.5, valvu zote nne huwaka mara moja kwa mwanga mzuri ambao redio ile haikupata kuutoa tangu itoke Uingereza, kisha kimya. Kuanzia dakika hiyo mteja ana sufuria kweli.

Na kulikuwa na kupima kwa ulimi. Betri ndogo ya tochi mtu huiramba akajua kama ina uhai, na kila mtoto wa Afrika Mashariki aliyekuwa na redio nyumbani amewahi kuonja ladha ile ya chumvichumvi. Mwanafunzi wa fundi aliyehamishia elimu hiyo kwenye volti 90 hakufa, lakini somo hakulirudia.

Wakati huohuo Marekani walikuwa wamekwisha kufanya ufundi wa redio na televisheni kuwa fani nzima ya vichekesho. Tangu 1948 mwandishi John T. Frye alichapisha katika gazeti la mafundi mfululizo wa hadithi za duka la fundi Mac na msaidizi wake Barney, kijana mwenye haraka kuliko akili, na hadithi hizo ziliendelea miaka na miaka. Hugo Gernsback, mchapishaji wa magazeti ya redio, alijificha nyuma ya jina la bandia Mohammed Ulysses Fips ili awaandikie wasomaji makala za uongo za sikukuu ya wajinga, akieleza mitambo isiyowezekana kwa lugha nzito ya kitaalamu, na kila mara walikuwapo waliomwamini. Huko katika maduka ya dawa kulikuwa na mashine za kupimia valvu. Mwenye televisheni alizing'oa zote, akazitia mfukoni, akaenda kuzipima mwenyewe ili asimlipe fundi. Aliporudi nyumbani hakukumbuka ipi ilitoka tundu lipi. Kesho yake fundi alilipwa mara mbili.

Kichekesho cha Mmarekani kilitegemea wingi: valvu nyingi, maduka mengi, mteja mjuaji. Cha Mweru kilitegemea uhaba. Lakini vinakutana mahali pamoja, nako ni kwenye kofi.

Kofi la televisheni halikuwa ushirikina. Televisheni ya valvu ilikuwa na valvu 15 hadi 20 na zaidi, kila moja ikiwa imechomekwa kwa vijipini kwenye tundu lake. Joto la ndani lilizitanua, ukizima zikasinyaa, na kwa kutanuka na kusinyaa huko kila siku vijipini vililegea na kuota kutu. Viungo vya risasi navyo vilipasuka ufa usioonekana. Kofi la ubavuni lilivisugua vijipini vikashika tena, picha ikarudi. Aliyejua mahali pa kupiga aliheshimiwa nyumbani. Mke angeweza kupiga bila mafanikio, watoto wakapiga, kisha baba akaja akapiga kofi moja upande wa kushoto chini kidogo, na taarifa ya habari ikaendelea. Fundi akiitwa, kabla hajafungua hata skrubu moja, mashine inapona yenyewe. Kuna ugonjwa wa redio na televisheni ambao dawa yake ni kumwona fundi tu, na fundi mwenye busara hutoza nauli mapema.

Televisheni ilifika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1961. Ilianzia Kitwe, kwenye shaba na wazungu wenye mishahara, chini ya kampuni binafsi, na baada ya uhuru wa 1964 serikali ya Zambia ikaichukua. Kwa hesabu ya eneo letu haikuchelewa: Kenya walipata 1962, Uganda 1963. Lakini mawimbi ya televisheni hayana tabia ya masafa mafupi. Hayapandi yakarudi. Huenda moja kwa moja mpaka mlima au mviringo wa dunia uyakate, aghalabu kabla ya kilomita 100. Kutoka Kitwe hadi Nchelenge ni karibu kilomita 390 angani, na katikati kuna ulimi wa nchi ya Kongo uliochomoza ndani ya Zambia. Redio ilipita juu ya yote hayo. Picha ilikwama njiani.

Ndiyo sababu kichekesho cha televisheni cha mwambao huu kilianza na televisheni isiyoonyesha kitu. Mhusika wake ni mstaafu wa mgodini. Amefanya kazi Ukanda wa Shaba miaka 20, amepewa mkono wa kwaheri, amenunua televisheni yenye milango ya mbao na miguu minne, ameifunga magodoro pande zote, ameipandisha lori la samaki lililokuwa likirudi tupu. Imefika salama. Imewekwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake picha ya harusi na ua la plastiki. Umeme hakuna. Mawimbi hakuna. Jirani anauliza: "Mzee, inaonyesha nini?" Mzee anajibu bila kugeuka: "Inaonyesha kwamba nilifanya kazi."

Tusimcheke haraka. Dar es Salaam yenyewe, jiji kubwa, ilikaa miaka mingi ikichungulia ya jirani. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Waliokuwa na televisheni Dar walisimamisha milingoti mirefu juu ya mabati, antena zikaelekezwa visiwani kama watu wa kibla kimoja, na penye upungufu wa antena wakafunga mifuniko ya sufuria na sinia. Upepo wa kusi ukivuma, mtoto mmoja hutumwa juu ya paa. "Geuza! Geuza tena! Hapo hapo, usitoke!" Na asitoke kweli, maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa sehemu ya antena. Chenga zikipungua kioo kizima kilikuwa cha kwake, ila hakukiona.

Nirudi Luapula, kwa betri, maana hapa ndipo mkoa huu una historia ya pekee. Transista ilikuwa imeiua sufuria ya buluu katika miaka ya 1960. Redio ndogo za mkononi zilienea, na miongoni mwao zile za Supersonic zilizounganishwa Livingstone. Hazikutaka volti 90, zilitosheka na betri za tochi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 betri hizo zilianza kutengenezwa mkoani humohumo. Eneo la Mansa lina manganizi, na manganizi ndiyo ule unga mweusi unaokushika mikono ukipasua betri. Kiwanda cha Mansa Batteries kikawa fahari ya Luapula. Basi mvuvi wa Nchelenge akawa anaisikiliza Lusaka kwa nguvu ya udongo wa nyumbani kwao.

Kisha ukaja uhaba. Uchumi wa Zambia uliporomoka pamoja na bei ya shaba, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 betri zilikuwa bidhaa ya kufichwa. Mwanaanthropolojia Debra Spitulnik, aliyechunguza redio nchini humo wakati huo, alikuta redio nyingi ambazo zilikuwa nzima lakini kimya. Hapo ndipo kila nyumba ilipofungua chuo chake cha ufundi. Betri iliyochoka haitupwi. Kwanza inaanikwa juani juu ya bati, maana joto huuamsha mchanganyiko wa ndani ukafanya kazi kidogo tena. Ikigoma, inagongwagongwa, au inachemshwa. Ikigoma kabisa, inatobolewa kwa msumari, inanyweshwa maji ya chumvi taratibu, tundu linazibwa kwa nta ya mshumaa. Hili la mwisho si uganga: uji wa ndani ya betri kavu ukikauka kemia yake husimama, na ukiulowesha huendelea mpaka kopo la zinki litoboke. Ndipo uji unapomwagika ndani ya redio, ukala springi, ukala waya, na fundi akapata kazi ya wiki nzima. Nashuku wako mafundi waliofundisha njia ya chumvi kwa bidii mno.

Fikiria basi alfajiri ile ya katikati ya mwaka 1990. Luteni Mwamba Luchembe aliingia katika studio za shirika la utangazaji mjini Lusaka akalitangazia taifa kwamba jeshi limemwondoa Rais Kenneth Kaunda. Barabarani Lusaka watu walishangilia. Baada ya saa chache askari watiifu waliichukua studio, Luchembe akakamatwa, redio ikatangaza kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye betri mpya aliishi chini ya serikali mbili kabla ya chai. Mwenye betri za kuanika alisubiri jua lipande, akazitia saa nne, akasikia nchi iko kama alivyoiacha jana. Oktoba 1997 jambo likajirudia: Kapteni Steven Lungu, aliyejiita Kapteni Solo, alitangaza mapinduzi redioni, na saa tatu hivi baadaye yakawa yamekwisha. Kwa sehemu kubwa ya nchi mapinduzi yote mawili yalifanyika ndani ya redio tu. Kiwanda cha Mansa kilikuwa kimekwisha kufungwa katika ubinafsishaji wa miaka hiyo ya 1990.

Televisheni iliyoleta picha kweli kwenye mwambao wa Mweru ilikuja bila kituo cha televisheni. Ilikuja na mkanda wa video, jenereta, na ukumbi wa mabati wenye mabenchi. Muziki wa Kongo, filamu za ngumi, mpira wa miezi miwili iliyopita. Televisheni ndogo za inchi 14, za rangi nyeusi na nyeupe, ziliendeshwa kwa betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa kwenye kinu cha dizeli, ikirudishwa kwa baiskeli huku tindikali ikitoboa suruali ya mwendeshaji. Zama hizo zikaleta chogo, televisheni ya rangi yenye kisogo kirefu, na fundi akakutana na adui mpya.

Chogo lina kitu kiitwacho flaibeki, transfoma ndogo inayopandisha volti hadi maelfu ishirini na zaidi, ikazipeleka kwenye kioo kupitia waya mnene mwekundu wenye kikombe cha mpira. Hila yake ni kwamba ukizima, ukichomoa, ukaiacha hata usiku kucha, kioo kinaweza kuwa bado kimehifadhi umeme wake. Fundi mzoefu haanzi kazi kabla ya hili: anafunga waya kwenye bisibisi, ncha ya pili anaishikiza kwenye chesisi, mkono mmoja anautia mfukoni ili umeme usipite kifuani, kisha anaisukuma bisibisi polepole chini ya kikombe cha mpira. Pah! Watoto dirishani hukimbia, hurudi, humwomba arudie. Asiyejua hatua hiyo hutupwa hadi ukutani, na akiulizwa na mteja kulikoni, husema alikuwa anaipima.

Kisha kuna skrubu. Hakuna fundi wa chogo aliyelifunga bila kubakiwa na skrubu, na hakuna mteja asiyeziona. "Fundi, hii je?" "Ah, hii waliizidisha kiwandani." Kopo la skrubu zilizozidishwa na viwanda vya Japani na China hukaa mezani kwa kila fundi, na mteja wa kesho akikosa skrubu humo ndimo inamotoka, kwa malipo.

Umeme wa gridi umefika, vituo vimeongezeka, king'amuzi kimeingia, na televisheni bapa zimelisukuma chogo nje ya sebule. Mafundi hawazipendi. Kofi haliwezekani: hakuna kisogo cha kupiga, na kioo kikipasuka bei yake inakaribia televisheni mpya. Kinachoharibika zaidi na kinachotengenezeka ni taa za nyuma ya kioo, vijiti vya LED vilivyopangwa kwa safu. Moja ikifa, safu nzima huzima, sauti inabaki na picha inatoweka, na mteja anaamini kwamba amenunua redio ya inchi 32. Fundi hubadilisha vijiti vyote, na vile vya zamani, ambavyo taa zake nyingi ni nzima, havitupi. Taa nne za volti tatu ukizifuata moja nyuma ya nyingine zinakubali volti 12 za betri ya pikipiki. Na Mweru ni ziwa la kuvua kwa taa: chisense, samaki wadogo ambao Mtanzania angewaita dagaa, hufuata mwanga usiku, na katika maziwa yetu karabai za mafuta ya taa zimekuwa zikiipisha LED.

Kwa hiyo kichekesho kinachowafaa mafundi wa sasa hakina budi kuwa hiki. Mzee amepeleka televisheni yake bapa, akaambiwa aje Ijumaa. Amekuja Ijumaa, akaja Jumatatu, akaja mwezi uliofuata. Leo amepandisha sauti, na watu wa soko wamesimama kutazama.

"Fundi, leo siondoki. Televisheni yangu iko wapi?"

Fundi anaweka chini bisibisi, anaangalia saa, anaangalia ziwa.

"Mzee wangu, shikamoo. Njoo asubuhi. Usiku huu inavua chisense."